Kibali cha Bwawa la Kuogelea Kasokola: Sheria Itangulie Sururu

Mji unapokua, uhusiano wa mtu na jirani yake hubadilika kabla hata ya barabara na majengo kubadilika, kwa sababu kitendo ambacho jana kilifanyika shambani bila kumgusa yeyote huwa leo na athari upande wa pili wa uzio. Kuchimba shimo kubwa ndani ya kiwanja cha makazi na kulijaza maji ni kitendo cha namna hiyo. Katika kata ya Kasokola, iliyo miongoni mwa kata za pembezoni za Manispaa ya Mpanda, mabwawa ya kuogelea ya majumbani bado ni machache, lakini mabwawa ya samaki, visima, matangi ya ardhini na mashimo yaliyoachwa baada ya kufyatua matofali ni mambo ya kawaida, na yote huibua maswali yaleyale ambayo bwawa la kuogelea huyaibua kwa uwazi zaidi. Makala haya yanatetea hoja moja: kibali cha bwawa la nyumbani ni makubaliano baina ya mwenye kiwanja na wote wanaomzunguka kuhusu maji yanakotoka, uimara wa shimo na usalama wa watoto, na kwa hiyo Manispaa ina wajibu wa kukifanya kipatikane kwa wepesi Kasokola sasa, kabla ujenzi haujaenea na kabla gharama ya kurekebisha haijawa kubwa kuliko gharama ya kuelekeza.

Umuhimu wa kulizungumza jambo hili mapema unatokana na kasi ya ukuaji wa mkoa ilipo Mpanda. Mkoa wa Katavi, uliomegwa kutoka Rukwa mwaka 2012, ulihesabiwa kuwa na watu 564,604 katika sensa ya mwaka huohuo, na sensa ya mwaka 2022 ikahesabu watu 1,152,958, maana yake idadi ya wakazi iliongezeka zaidi ya mara mbili ndani ya miaka kumi tu. Mpanda, ambao reli ya kutoka Kaliua iliufikia baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia kwa ajili ya madini ya risasi, na ambao sasa umeunganishwa kwa lami na Tabora na Sumbawanga, umekuwa mji wa biashara, utumishi wa umma na uchimbaji mdogo wa dhahabu. Watumishi na wafanyabiashara wanaotafuta viwanja vikubwa kwa bei nafuu huelekea kata za pembezoni, na huko hukutana na wenyeji ambao ardhi kwao bado ni shamba kwanza na kiwanja baadaye. Katika makutano hayo ndipo desturi ya kijijini, ya kuchimba bila kumwomba mtu ruhusa, inapokutana na sheria ya mjini, ambayo haimruhusu mtu kuendeleza ardhi mpaka mamlaka iridhie.

Sheria hiyo ya mjini ina msingi wake katika Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007, iliyochukua nafasi ya sheria ya kikoloni ya mwaka 1956. Kifungu chake cha 29 kinakataza mtu kuendeleza ardhi iliyo ndani ya eneo la mipango bila idhini ya mamlaka ya upangaji, ambayo kwa Kasokola ni Halmashauri ya Manispaa ya Mpanda. Neno uendelezaji katika sheria za mipango miji lina maana pana, kwa kuwa hujumuisha ujenzi na kazi za kihandisi zinazofanywa juu ya ardhi au chini yake, pamoja na kubadilisha matumizi ya ardhi kwa kiwango kikubwa. Kwa sababu hiyo, dhana iliyoenea kwamba kibali ni cha nyumba yenye kuta na paa, na kwamba shimo la maji halihitaji kibali kwa kuwa halina paa, haina msingi wa kisheria. Bwawa la zege lenye nondo, mabomba, pampu na chujio ni kazi ya kihandisi iliyo chini ya ardhi, na linaingia katika maana hiyo moja kwa moja.

Mwombaji anayefuata utaratibu huu hukutana na hatua mbili ambazo wengi huzichanganya. Hatua ya kwanza ni idhini ya upangaji, ambayo huuliza kama matumizi yanayokusudiwa yanaruhusiwa katika kiwanja hicho kwa mujibu wa mchoro wa mipango miji, yaani ramani iliyoidhinishwa inayoonyesha wapi ni makazi, wapi ni biashara, wapi ni barabara na wapi ni hifadhi ya mkondo wa maji. Hatua ya pili ni kibali cha ujenzi chenyewe, ambacho huuliza kama jengo au muundo uliochorwa utasimama salama na kutumika bila kudhuru afya za watu. Katika hatua hii mwombaji huwasilisha uthibitisho wa umiliki, kwa kawaida hati miliki au barua ya toleo, pamoja na michoro ya usanifu inayoonyesha sura na vipimo, na michoro ya miundo inayoonyesha unene wa zege, ukubwa na nafasi za nondo, na namna mzigo unavyobebwa na udongo. Wataalamu wa ardhi, mipango miji, uhandisi na afya huipitia michoro hiyo, eneo hukaguliwa, ada hulipwa, na siku hizi maombi hupokelewa kwa mfumo wa kielektroniki wa TAUSI ulio chini ya Ofisi ya Rais, TAMISEMI.

Ugumu wa Kasokola huanzia kwenye sharti la kwanza kabisa, yaani uthibitisho wa umiliki. Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, zote za mwaka 1999, ziliweka mifumo miwili ya umiliki, mmoja wa ardhi ya jumla ambamo mwananchi hupewa hati na Kamishna wa Ardhi, na mwingine wa ardhi ya kijiji ambamo haki ya kimila hutambuliwa kwa nguvu sawa na haki iliyotolewa kwa hati. Eneo lenye asili ya kijiji linapoingizwa katika mipaka ya mji, wakazi wake hubaki kwa muda mrefu wakiwa na karatasi za mauziano zilizoshuhudiwa na viongozi wa eneo, huku ofisi ya Manispaa ikidai kiwanja kilichopimwa na kupewa namba. Serikali iliitambua hali hii nchi nzima na kuendesha programu ya kurasimisha makazi na kuzuia ujenzi holela kwa kipindi cha 2013 hadi 2023, lakini urasimishaji, ambao ni kuyatambua na kuyapima makazi yaliyokwisha kujengwa, siku zote huja nyuma ya ujenzi. Mtu aliyezuiwa mlangoni kwa kukosa hati haachi kuchimba. Huchimba bila ushauri wa mhandisi, na Manispaa hupoteza nafasi ya kumwelekeza.

Hata hivyo, hati na mchoro havitoshi, kwa kuwa bwawa lina jambo ambalo nyumba ya kawaida haina kwa kiwango hicho, nalo ni maji mengi yaliyokusanywa mahali pamoja. Hesabu yake ni rahisi. Bwawa dogo la familia lenye urefu wa mita 10, upana wa mita 5 na kina cha wastani cha mita moja na nusu huchukua mita za ujazo 75, ambazo ni lita 75,000, au ndoo 3,750 za lita 20. Kaya ya watu watano inayotumia lita 25 kwa kila mtu kwa siku ingeweza kuishi kwa maji hayo siku 600. Tena kujaza mara moja hakumalizi jambo, kwa sababu katika miezi ya kiangazi, ambayo katika Katavi huanza karibu na Mei na kuendelea hadi Oktoba, jua na upepo vikiondoa milimita tano tu kwa siku kutoka uso wa bwawa hilo, lita 250 hupotea kila siku, kiasi ambacho kingeitosha kaya hiyohiyo kwa siku mbili.

Katavi ni mkoa ambao umekwisha kuona kwa macho yake nini hutokea pale maji ya wengi yanapochukuliwa bila kipimo. Mto Katuma, unaopita katika Hifadhi ya Taifa ya Katavi na kuelekea Ziwa Rukwa, ulipungukiwa sana na maji ya kiangazi baada ya watumiaji wa juu ya mto kuyachepusha kwa ajili ya umwagiliaji, na matokeo yake yakawa viboko kubanana katika madimbwi machache ya tope. Mabwawa ya kuogelea hayakuhusika na tatizo hilo, na kulinganisha shamba la mpunga linalolisha watu na bwawa la burudani si haki kwa mkulima. Lakini somo lililomo linahusu wote wawili, kwamba uchepushaji mmoja mdogo hauonekani, na jumla yake huonekana wakati ambapo kurudi nyuma ni vigumu.

Kwa sababu hiyo Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 iliweka kibali kingine kilicho nje ya mikono ya Manispaa. Sheria hiyo inatofautisha matumizi ya nyumbani, kama kunywa, kupika na kufua, na matumizi mengine yanayohitaji kibali cha kutumia maji kutoka kwa bodi ya bonde, ambayo ni chombo kinachosimamia eneo lote ambalo mvua yake hutiririkia ziwa, mto au bahari moja. Tanzania Bara imegawanywa katika mabonde tisa ya namna hiyo, na Mkoa wa Katavi unagawanywa kati ya Bonde la Ziwa Rukwa na Bonde la Ziwa Tanganyika. Mwenye nyumba anayekusudia kuchimba kisima kirefu kwa mashine ili ajaze bwawa lake anapaswa kufahamu kwamba kibali cha ujenzi kutoka Manispaa hakimpi haki ya kuvuta maji ya chini ya ardhi, kwa kuwa maji hayo hayana mipaka ya viwanja na pampu yenye nguvu inaweza kushusha kina katika kisima cha jirani anayetegemea ndoo na kamba. Udhaifu wa utaratibu wa sasa ni kwamba ofisi hizi mbili huulizwa kila moja kwa wakati wake, na mwananchi huweza kumaliza zege kabla hajajua kwamba chanzo chake cha maji nacho kilihitaji ruhusa.

Mfano wa Cape Town, Afrika Kusini, unaonyesha kwa nini swali la chanzo cha maji linapaswa kutangulia. Katika ukame uliofikia kilele chake mwaka 2018, jiji hilo liliwawekea wakazi kikomo cha lita 50 kwa mtu kwa siku na kupiga marufuku kujaza mabwawa ya kuogelea kwa maji ya bomba. Utafiti uliochapishwa mwaka 2023 ulionyesha kwamba kaya zenye kipato cha juu, ambazo hazikufika asilimia 14 ya wakazi, ndizo zilizotumia zaidi ya nusu ya maji ya majumbani ya jiji, sehemu kubwa yake ikienda kwenye bustani, mabwawa na matumizi mengine yasiyo ya lazima. Cape Town ililazimika kuandika masharti hayo wakati mabwawa yalikuwa yamekwisha kujengwa kwa maelfu. Mpanda, ambako Mamlaka ya Maji bado ina kazi kubwa ya kuwafikishia wakazi wapya maji ya uhakika, ina nafasi ya kuyaandika mabwawa yakiwa bado machache.

Swali la pili ambalo kibali hulijibu ni la uimara. Mafundi wengi wa mitaani ni hodari wa kupanga tofali na kumwaga jamvi, ambalo ni tabaka la zege la sakafu, lakini bwawa hupata nguvu za aina mbili zinazopishana. Likiwa limejaa, maji huzisukuma kuta kutoka ndani. Likiwa tupu, udongo huzisukuma kutoka nje, na katika miezi ya mvua, Novemba hadi Aprili, maji ya ardhini yakipanda juu ya usawa wa sakafu huweza kuliinua bwawa tupu zima kama mtumbwi. Ukuta wa tofali za kuchoma usio na nondo haukutengenezwa kustahimili misukumo hiyo. Ndiyo maana mhandisi aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1997, anapaswa kuweka saini yake katika mchoro na kuwajibika kwayo. Taifa limekwisha kulipa gharama kubwa kwa kupuuza wajibu huo katika majengo makubwa: ghorofa lililoporomoka katikati ya Dar es Salaam mwezi Machi 2013 liliua watu zaidi ya 30, na lile la Kariakoo lililoporomoka tarehe 16 Novemba 2024 liliua watu zaidi ya 20. Bwawa haliporomoki kwa kishindo hicho, lakini msingi wa nyumba ya jirani unaolowa kila siku kwa sababu ya ufa usioonekana nao huishia kupasuka.

Afya ya umma inafuata kwa ukaribu. Bwawa linalotunzwa, ambalo maji yake huzungushwa na chujio na kutiwa klorini kwa kipimo cha miligramu moja hadi tatu kwa lita, halizalishi mbu. Bwawa lililotelekezwa huwazalisha kwa wingi, kwa sababu mbu wa malaria huhitaji wiki moja hadi mbili tu ya maji yaliyotuama ili yai likue hadi kuwa mdudu mwenye mbawa. Mwaka 2007, wamiliki wengi wa nyumba katika mji wa Bakersfield, California, Marekani, waliposhindwa kulipa mikopo na kuhama, mabwawa yao yaligeuka kuwa mazalia ya mbu na wagonjwa wa homa ya Nile Magharibi wakaongezeka sana katika eneo hilo. Ikiwa nchi tajiri ilipata taabu hiyo, mji ulio katika ukanda wa malaria hauna budi kuuliza, kabla ya kutoa kibali, nani atalitunza bwawa siku mwenye nyumba atakapohamishwa kikazi. Vilevile maji yenye klorini yakimwagwa ghafla mferejini huua samaki na mimea, hivyo yanapaswa kuachwa siku kadhaa juani mpaka dawa iishe nguvu, na mahali pa kuyamwaga panapaswa kuonyeshwa katika mchoro, mbali na kisima na mbali na shamba la jirani.

Jambo lililo zito kuliko yote ni usalama wa watoto. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu wapatao 300,000 walikufa maji duniani mwaka 2021, na karibu robo yao walikuwa watoto wenye umri chini ya miaka mitano. Mtoto wa umri huo huzama kimya, ndani ya dakika chache, mara nyingi karibu na nyumbani. Nchi ambazo mabwawa ya majumbani yalienea mapema zililazimika kutunga sheria baada ya vifo: New Zealand ilipitisha sheria ya uzio wa mabwawa mwaka 1987, na Ufaransa ikapitisha ya kwake mwaka 2003 ikidai kila bwawa jipya liwe na kizuizi, kifuniko au king'ora. Kanuni inayokubalika zaidi ni uzio unaolizunguka bwawa lenyewe pande zote nne, wenye kimo kisichopungua mita 1.2, na geti linalojifunga lenyewe bila kusubiri mtu alikumbuke. Ukuta wa nje unaoizunguka nyumba yote hautoshi, kwa sababu humzuia mtoto wa jirani na kumwacha mtoto wa mwenye nyumba wazi kabisa. Katika kata kama Kasokola, ambako watoto huzunguka kwa uhuru kutoka ua hadi ua, na ambako huo ndio uzuri wa malezi ya jamii, sharti la uzio lina maana kubwa zaidi kuliko katika mitaa iliyojifungia.

Wapo wanaosema kwamba kudai vibali hivi Kasokola ni kuwabebesha wananchi wa kipato cha chini mzigo wa mjini, na hoja hiyo inastahili kujibiwa kwa heshima kwa sababu ina ukweli ndani yake. Ada, gharama ya michoro, safari za kwenda mjini na kusubiri majibu humwelemea mkulima anayetaka kuchimba bwawa la kambale kuliko zinavyomwelemea mfanyabiashara anayetaka bwawa la kuogelea. Mfumo wa kielektroniki nao humsaidia mwenye simu janja na mtandao wa uhakika na kumwacha nyuma asiye navyo. Lakini kinachofuata kutokana na ukweli huo ni kupanga masharti kwa uzito wa hatari, kwa kuwa kuyaondoa kabisa kungemwacha mnyonge bila kinga yoyote pale jirani mwenye uwezo atakapochimba karibu na kisima chake. Sheria isiyofika pembezoni haimlindi asiye na kitu. Humwacha mwenye nguvu ajiamulie, mpaka siku afisa anapokuja na rangi nyekundu kuchora ukutani alama ya X ya kubomolewa, na siku hiyo hasara huwa ya kila mtu.

Utaratibu unaofaa hauhitaji sheria mpya ya Bunge, kwa kuwa halmashauri za miji zina mamlaka ya kutunga sheria ndogo chini ya Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1982. Baraza la Madiwani la Mpanda linaweza kugawa mabwawa na mashimo ya maji katika ngazi. Bwawa dogo la samaki lisilo na zege lingehitaji taarifa tu kwa Mtendaji wa Kata, pamoja na sharti la uzio na umbali kutoka vyoo na visima. Bwawa la kuogelea la familia lingehitaji kibali kamili, na la hoteli au shule lingehitaji pia mpango wa uokoaji na ukaguzi wa afya wa mara kwa mara. Manispaa inaweza kuandaa michoro ya mfano iliyokwisha kupitishwa na mhandisi wake, ili mwananchi achague mmoja na kuepuka gharama ya kuanza upya. Fomu moja inaweza kubeba maswali ya Manispaa na ya bodi ya bonde kwa pamoja. Ukaguzi unaweza kufanywa mara tatu kwa tarehe zinazojulikana, yaani shimo likishachimbwa, nondo zikishafungwa kabla ya zege, na uzio ukishasimama kabla ya tone la kwanza la maji kuingia. Ofisi ya kata inaweza kutengewa siku maalumu ambapo mtaalamu kutoka Manispaa huwapokea waombaji na kuwaingiza katika mfumo wale wasio na vifaa, na kila ombi lipate jibu la maandishi lenye sababu ndani ya muda uliotangazwa.

Wakazi nao wana sehemu yao. Anayenunua kiwanja Kasokola aulize kwanza kama kimepimwa na kipo katika mchoro wa mipango, na anayechimba awaarifu majirani kabla ya fundi kufika, kwa kuwa jirani aliyeshirikishwa mapema huwa mlinzi wa watoto wote. Wenyeviti wa maeneo waorodheshe mashimo yaliyoachwa wazi, yafukiwe au yazungushiwe uzio kabla ya mvua za Novemba. Madiwani wa Mpanda wanao uwezo wa kisheria wa kuyafanya haya katika mwaka mmoja wa fedha, wakati mabwawa yangali yanahesabika, na wananchi wa Kasokola wana haki ya kuwadai wayafanye.